Nilivyomkondesha Masika

Siku yangu ya kwanza kazini nilivaa koti jeupe nililolipiga pasi mpaka likawa gumu kama ubao, na mtu wa kwanza kunisemesha kwenye lango la hospitali ya Bunia alinionyesha njia ya kwenda jengo la uzazi. Alikuwa mlinzi, mzee wa watu, hakuwa na ubaya. Nilimwambia mimi si mkunga, ni daktari mpya. Alinitazama kuanzia viatu mpaka kilemba.

"Docteur njo weye, mama?"

"Ndiyo mimi."

"Basi ingia. Lakini kama batakukatala kule, maternité iko upande ile."

Ilikuwa mwanzoni mwa miaka ya sabini. Nchi ilikuwa imebadilisha jina, na sisi raia tulikuwa tumebadilisha majina yetu, kwa hiyo nilifika na diploma yenye jina moja na kitambulisho chenye jina jingine. Nilikuwa nimefundisha shule ya msingi kabla ya kwenda chuo kikuu, nikaanza udaktari katika umri ambao dada zangu walikuwa wanaozesha mabinti. Nilijua mengi. Niliweza kutaja kwa Kifaransa kila mfupa wa kiganja, lakini sikuweza kumwuliza mama wa Ituri, kwa lugha anayoisikia, kama vidole vyake vinauma asubuhi kuliko jioni. Kiswahili changu kilikuwa cha vitabuni. Wagonjwa walinisikiliza kwa adabu, kama wanavyomsikiliza padri mgeni, kisha wakamwuliza muuguzi nimesema nini.

Mkuu wa hospitali, Médecin Directeur, alikuwa mtu mwembamba wa kaptula na soksi ndefu, mzaliwa wa mkoa wa mbali. Alisema nami Kifaransa. Hapa nampa Kiswahili changu. Hakunionyesha wodi wala choo. Alinipeleka moja kwa moja kwenye kabati la dawa, akatoa chupa ya kahawia na kuitikisa karibu na sikio langu kama mtu anayejaribu redio mbovu.

"Unaijua hii?"

"Prednizoni," nilijibu, na kwa kuwa mwalimu wa zamani hanyamazi, niliendelea: ni ya jamii ya kotizoni, inaiga kitu kinachotengenezwa na tezi mbili ndogo zilizokaa juu ya figo, inazima moto wa viungo…

"Vizuri. Sasa nisikilize." Alitazama mlango kwanza, kwa sababu ya maneno aliyotaka kusema. "Ukiwa na mwizi nyumbani unamwita askari. Askari atamfukuza mwizi, hilo ni kweli. Kisha ataomba kiti. Ataomba kuku. Wiki ijayo utamkuta amelala kitandani mwako na bunduki yake kwenye mto. Mwite, sikukatazi. Lakini kabla hujamwita, ujue utamtoaje."

Katika miaka yote iliyofuata sikusoma kitabu kilicholieleza jambo hili vizuri zaidi, na nimesoma vitabu vizito.

Niwaambie vijana tulikuwa tunatibu nini. Kuna baridi yabisi ya wazee, mifupa inayosuguana kwa kuchoka. Hiyo iacheni kando. Ninayoisema hapa humkamata mtu akiwa na nguvu zake, mara nyingi mwanamke. Askari wa mwili, wale wanaopaswa kupigana na vijidudu, hugeuka na kuvishambulia viungo vya mwenye mwili. Huanza kwenye vidole, mkono wa kulia na wa kushoto pamoja, kama watu waliopatana. Asubuhi mgonjwa hawezi kufunga kitufe. Jua likipanda, vidole hulegea kidogo. Ugonjwa hupoa, kisha unaamka. Na ukiamka, viungo huvimba, huwa vya moto, mtu hapandi kitanda wala hashuki. Kuamka huko ndiko tuliita mlipuko.

Silaha yetu ya kwanza ilikuwa aspirini, na tuliitoa kwa namna ambayo leo ingewatisha. Tulipandisha kipimo, pamoja na chakula, mpaka masikio ya mgonjwa yaanze kuvuma. "Unasikia nini, mama?" "Nasikia nyuki." Basi tunateremka kidogo, tunabaki hapo. Ya pili ilikuwa klorokini, ile ile ya malaria, ambayo ikimezwa kwa miezi hutuliza ugonjwa huu polepole, mradi umchunguze mgonjwa macho. Kotizoni ilikuwa ya mlipuko: kipimo kidogo, asubuhi, kwa muda mfupi, kisha unashuka ngazi kwa ngazi mpaka chini. Hushuki kwa kuruka. Tezi zile za juu ya figo zikiona dawa inakuja kila siku kutoka nje, hulala usingizi. Ukiikata dawa ghafla kabla hazijaamka, mwili haubaki na chochote cha kuusimamisha. Shinikizo la damu huanguka, na mtu hufa kwa homa ambayo jirani yake angeimaliza kwa kulala mchana mmoja.

Baada ya Bunia nilipelekwa Iga Barrière, kwenye kituo cha afya cha njiapanda, chini ya daktari mkuu wa eneo, Médecin Chef de Zone, aliyeamini kwamba kila ugonjwa huanzia tumboni. Nilimcheka moyoni mpaka nilipomwelewa. Alinikataza kumpa mtu kotizoni kabla ya kumpima choo na makohozi. "Katika nchi hii," alisema, "kila mtu ana mpangaji ndani yake. Minyoo, kifua kikuu. Askari wa mwili ndio wanaowashikilia wapangaji hao. Wewe ukiwalaza askari, nani atawashika?" Kwa hiyo tulianza na dawa ya minyoo, tukasikiliza kifua, ndipo tukafungua chupa ya kahawia.

Huko ndiko nilikotoa somo langu maarufu. Nilichora ubaoni figo mbili na tezi zake, nikaeleza kwa nusu ya asubuhi kwa nini dawa haikatwi ghafla. Nilipomaliza, mama mmoja aliinua mkono. "Docteur, tumesikia. Tutaacha maharagi." Figo zangu zilikuwa zimefanana na maharagwe kuliko nilivyodhani. Tangu siku hiyo nilieleza kwa mdomo tu.

Nilirudishwa Bunia mwanzoni mwa miaka ya themanini, na huko, baada ya miaka michache, ndipo Masika aliponijia.

Aliingia kwenye chumba changu, na wagonjwa waliokuwa kwenye benchi walisimama kumpisha. Sikushangaa. Alikuwa na uso wa mviringo unaong'aa, mashavu yaliyojaa, shingo nene. Kwa macho ya Bunia huyo ni mama ambaye nyumba yake haikosi nyama. Alikuwa Mnande, yeye na mumewe Kambale walihama kutoka Butembo, Kambale akafungua duka la vitenge. Masika mwenyewe aliuza mikate kwenye soko la Nyakasanza. Na kwa msomaji wa mbali niseme kwamba mikate ya kwetu ni matonge madogo ya ngano yanayokaangwa kwenye mafuta, na kwamba kabla ya kukaangwa lazima mtu aukande ule unga kwa vidole vyake, kila alfajiri, beseni zima.

"Docteur, mikono," alisema. "Ilikuwa imepona. Sasa iko narudia tena."

"Ilipona kwa dawa gani?"

Alifungua fundo la kitenge akanionyesha vidonge vyeupe vidogo. Nilivijua kabla hajavitoa, kwa sababu nilikuwa nimevisoma usoni mwake.

Alinisimulia bila kuficha. Mwaka uliotangulia mlipuko ulimkamata vibaya. Hakuweza hata kushika kijiko. Mwuza dawa wa sokoni alimpa vidonge vilivyovushwa ziwa na kuingilia Mahagi-Port, akamwambia ameze kila siku. Siku chache baadaye alikuwa anakanda unga na kuimba nyimbo za kwaya. Aliporuka siku moja, maumivu yalirudi. Kwa hiyo hakuruka tena. Kisha akaanza kunenepa.

"Na bwana yako anasema nini?"

Alicheka kwa aibu. "Anafurahi sana. Kitenge ya zamani hainizunguke tena, amenipatia mupya. Batu ya Nyakasanza banasema, Kambale anajua kulisha bibi."

Hapo ndipo ilipokaa shida yote ya kazi yangu. Vitabu vyangu viliuita uso ule uso wa mwezi, na kuuorodhesha miongoni mwa madhara. Wale mabibi wa Ulaya waliokuwa kwenye picha za vitabu waliulilia. Kwetu watu waliutafuta. Mfanyabiashara ambaye mke wake ana uso kama ule hukopeshwa bidhaa na wenye mali. Kanisani anapewa kiti cha mbele. Sokoni kulikuwa na wasichana wazima, wasio na maumivu hata ya kidole kimoja, waliomeza vidonge vile ili wapate mashavu kabla ya harusi. Nilikuwa nimesomea miaka mingi kumwambia mtu kwamba afya yake ni ugonjwa.

Nilimpima. Ngozi ya mikono ilikuwa nyembamba kama ganda la kitunguu, na madoa ya zambarau kila alipoguswa. Mkojo ulikuwa na sukari. Mapaja yalikuwa yameisha nguvu, alinyanyuka kwenye kiti kwa kujivuta mezani. Nilimweleza, bila ubao. Akiendelea, mifupa itavunjika, sukari itapanda, kidonda kidogo kitaoza. Akiacha leo, huenda akafa wiki hii. Ilibaki njia moja: kushuka ngazi, miezi mingi, huku tukimwanzishia klorokini na aspirini, na kwa kiungo kitakachowaka sana nitamchoma sindano ya kotizoni ndani ya kiungo chenyewe, ambako dawa hubaki karibu na kazi yake.

"Na mikono?"

"Tutailinda tuwezavyo. Siwezi kukuahidi vidole vyote."

Akauliza lile ambalo wote waliuliza. "Nitakonda?"

"Utakonda."

"Tuanze," alisema. "Uso haikandake unga."

Tulianza. Ngazi za kwanza zilikwenda vizuri. Ndipo akaja mkubwa mpya, Médecin Inspecteur wa eneo letu, mtu mwenye sauti nzuri na viatu vizuri zaidi. Sitaki kumfanya mjinga. Alikuwa ameona watu walioharibiwa na vidonge vya soko: mmoja alitapika damu, mwingine alipata kifua kikuu kikammaliza. Alikasirika, na alikuwa na haki ya kukasirika. Alituita madaktari wote akatangaza kwamba kuanzia siku hiyo kotizoni ni ya pumu na ya mtu aliyezimia, basi. Wagonjwa wa viungo hawapewi. Anayeitumia aache siku hiyo hiyo.

Nilisimama. Nilikuwa mwanamke peke yangu chumbani, na nikisimama kiti changu kilikuwa na tabia ya kupiga kelele. Siku hizo serikali ilitaka tuitane raia, Citoyen na Citoyenne.

"Citoyen Inspecteur, kukataza kuanza ni sawa. Kukata kwa waliokwisha zoea ni kuwaua."

"Citoyenne Docteur, unanifundisha?"

"Nilikuwa mwalimu. Ni ugonjwa usiopona."

Wenzangu walitazama meza. Yeye hakucheka. "Amri ni amri. Ukimwachia mmoja, kesho Bunia yote itasema hospitali inagawa dawa ya kunona."

"Nina mgonjwa anaitwa Masika. Nitaendelea kumpa, nikipunguza kila mara mpaka iishe. Ninakuambia hapa mbele ya watu, usije ukasikia njiani."

"Na mimi ninakuambia hapa mbele ya watu kwamba sijakuruhusu."

Ndivyo tulivyoachana, kila mtu akiwa ameeleweka vizuri.

Muda mfupi baadaye nilikwenda Iga Barrière kukagua chanjo. Nikiwa huko, Masika alikuja kuchukua dawa zake, kwenye dirisha la dawa wakamrudisha kwa amri. Alikwenda nyumbani. Siku zilizofuata malaria ilimkuta, naye hana vidonge, na tezi zake bado zimelala. Niliporudi nilimkuta Kambale anamtoa nyuma ya camionnette, gari dogo la mizigo, amembeba mikononi, akiomba watu wapishe.

"Ilikuwa homa tu," alisema. "Docteur, ilikuwa homa tu."

Shinikizo la damu nililisikia kwa shida, kama mtu anayenong'ona nyuma ya ukuta. Nilimtundikia maji ya chumvi na sukari, nikamchoma kotizoni ya mshipa, nikaanza kwinini. Hilo halikuvunja amri. Alikuwa amezimia, na dawa ilikuwa ya waliozimia. Alipofungua macho ndipo nilipoivunja. Niliandika kwa herufi kubwa kwenye ubao wa kitanda: prednizoni, kila asubuhi, ishushwe kidogo kidogo. Nikatia sahihi ambayo hata kipofu angeisoma.

Inspecteur alikuja mwenyewe. Alisoma ubao. Nilikuwa nimeandaa hotuba, yenye sehemu ya kwanza na ya pili, na nukuu moja ya Kilatini. Haikupata nafasi. Alivuta kiti, akamfunga Masika kitambaa cha kupimia mkononi, akapima akiwa amelala, kisha akamwomba akae na kupima tena. Alirudia. Shinikizo lilikuwa bado linaanguka mgonjwa akiinuka. Masika alimtazama.

"Weye njo ulikataza dawa yangu?"

"Ni mimi, mama."

"Ulikuwa unanijua?"

Inspecteur aliukunja mpira wa kipimo polepole, akautia mfukoni mwangu badala ya mwake, akatoka. Nilimfuata koridoni nikiwa tayari kwa vita.

"Umalize," alisema bila kugeuka. "Huyu, na wengine waliokwisha zoea. Dirishani nitawaambia mwenyewe. Ukishamaliza utaenda Mahagi-Port. Siwezi kumwacha hapa daktari aliyenikaidi mbele ya watu wote. Kesho hata dereva atanikaidi."

"Ni haki," nilisema. Nilimaanisha, na ninamaanisha mpaka leo. Sikumwomba msamaha, naye hakuniomba. Wakubwa wengi nimewasahau sura. Huyu simsahau, kwa sababu alipima mara mbili.

Mnaweza kudhani hadithi imekwisha. Kumbe ilikuwa imebaki kazi ngumu, na haikuwa ya hospitali.

Masika alikonda. Tulishuka ngazi, naye akashuka nazo: mashavu yakaondoka, shingo ikarudi, vitenge vikawa vinamzunguka mara mbili. Kwangu ulikuwa ushindi. Sukari ilitoweka kwenye mkojo, mapaja yakapata nguvu, akawa ananyanyuka kitini bila kushika meza. Lakini tulikuwa tumefika katikati ya miaka ya themanini, na kulikuwa na ugonjwa mpya, sida, yaani ukimwi, ambao ng'ambo ya ziwa watu waliuita kwa jina la kukonda. Mtu yeyote aliyepungua uzito Nyakasanza alizikwa kwa maneno kabla ya kuugua. Na hapa alikuwepo mama wa mikate, mke wa mtu anayesafiri mpaka ziwani, anayeyeyuka mbele ya macho yao.

Wateja walianza kupita upande mwingine wa njia. Nilikuwepo asubuhi moja mwuza samaki, jirani yake wa meza, aliposema kwa sauti ya kutosha, "Masika, siye tunangojea mikate ao tunangojea matanga?"

"Matanga ikifika, utakuja kula," Masika alijibu, akigeuza mikate kwenye mafuta. "Weye haukosake fasi kuko chakula."

Watu walicheka, lakini hawakununua.

Mimi, kwa hekima yangu ya chuo kikuu, nilibuni dawa. Kila asubuhi kabla ya kazi nilisimama pale na koti langu jeupe, mbele ya soko zima, nikala mikate ya Masika. Niliona kwamba watu wakimwona daktari anakula, watajua hakuna hatari. Nilikula kwa ushujaa. Nilikuwa mwembamba tangu kuzaliwa, na kwa kusimama karibu na Masika nilionekana mwembamba zaidi. Haikupita muda mrefu muuguzi wangu akaniletea habari kutoka sokoni. "Docteur, banasema na weye uko nayo."

Inspecteur naye alisikia. "Ni kweli daktari wa serikali anakula mikate amesimama sokoni?"

"Ni kweli. Ni mizuri. Karibu."

"Unafanya haraka kumaliza, Citoyenne?"

"Ngazi haziharakishwi, Citoyen."

Nyumbani kwa Masika mambo yalikuwa mabaya kuliko sokoni. Siku moja alichelewa kuja kwangu, kisha akaja na Kambale nyuma yake. Kambale alikuwa mtu mnene, mpole, aliyejifuta jasho hata kukiwa na baridi. Aliweka mezani pakiti. Sikuhitaji kuifungua.

"Docteur, niheshimu nikuheshimu," alisema. "Uliponyesha bibi yangu, aksanti. Lakini batu banakimbia duka yangu. Banasema biashara imeanguka, banasema kuko ugonjwa ndani ya nyumba. Hata muzee wa kanisa alikuja kuniuliza kama tumepima. Ameze kidogo tu. Si ya mikono. Ya uso tu."

Hakuwa mtu mbaya. Alitaka mke wake aonekane mzima, na dawa ya kumfanya aonekane mzima ilikuwa pale mezani. Nilikuwa na maneno tayari kuhusu tezi. Nikayaacha, kwa sababu mwenye mwili alikuwa amekaa katikati yetu.

Masika alitazama pakiti. Siku hizo alikuwa na mlipuko mdogo kwenye kiwiko cha mkono wa kulia. Alikuwa ameushikilia kwa mkono wa kushoto kama mtu aliyebeba mtoto wa mwingine. Alijua kwamba kilichokuwa ndani ya pakiti ile kingemwondolea maumivu kabla ya kesho kutwa, kingemrudishia wateja, na kumrudishia mume mwenye furaha. Mimi pia nilijua. Chumba kizima kilijua.

"Kambale," alisema, "ulinibeba ndani ya camionnette. Ulilia. Nilisikia."

Kambale alijifuta uso.

"Kama unataka uso, uende uoe uso, soko imejaa. Miye sitameza tena. Na kesho nikienda kuuza, sitajifunika."

Kisha akanigeukia na kunyoosha kiwiko. "Docteur, choma hapa. Niko na unga ya kukanda."

Nilimchoma ndani ya kiungo, dawa kidogo, sindano nyembamba. Tulimfunga mkono kwa plasta nyepesi ili kiungo kipumzike. Kambale aliichukua pakiti yake, akaondoka nayo bila kuaga. Sikujua aliitia wapi, na sikuuliza.

Nilichokiona ni hiki. Kesho yake asubuhi nilifika sokoni kutimiza kazi yangu ya ushujaa, nikakuta nafasi yangu imechukuliwa. Kambale alikuwa amekaa kwenye kiti kidogo kando ya mafuta ya moto, duka lake limefungwa saa ya biashara, anakula mikate. Mnene, mwenye jasho, mzima kabisa. Masika alikuwa anakanda kwa mkono mmoja na ngumi ya mwingine. Mwuza samaki alipopita, Kambale alimnyooshea mmoja.

"Kamata, jirani. Iko moto."

"Tumbo yangu imejaa."

"Tangu lini?"

Watu walicheka, na safari hii walimcheka mwuza samaki. Aliupokea. Aliushika kwanza kama kitu kilichookotwa, kisha akauma. Siku hiyo hawakununua wengi. Wiki zilizofuata walinunua zaidi. Masika alishuka ngazi ya mwisho bila kuanguka, na mimi nikafunga sanduku langu.

Mahagi-Port nilikaa mpaka nilipoacha kazi. Mkuu wa kituo alidhani nimeletwa kuadhibiwa, akanipa chumba kinachovuja ili nisikose adhabu. Aliyenituma hakufikiri vizuri: alinipeleka penye mlango ambao vidonge viliingilia. Niliweka benchi karibu na wauza samaki, nikawaita waliokwisha anza kumeza. Sikuwahubiria. Niliwafundisha kushuka. Mkuu wa kituo alisema kwamba ninawasaidia wahalifu. Nilimjibu kwamba ninawasaidia watu wenye tezi zilizolala, na kwamba akitaka kukamata wahalifu, mitumbwi ile pale.

Niliacha utumishi mwishoni mwa miaka ya themanini, nikiwa bado na meno yangu yote. Ndugu zangu wanasema huko si kustaafu, ni kukasirika. Huenda wana haki. Kabati zilikuwa tupu, mishahara ilikuwa hadithi, na kumwandikia mtu dawa isiyopatikana ni kazi ya mshairi. Leo madaktari vijana huniuliza kwa upole, kama mtu anayemwuliza bibi yake kuhusu dhambi, kama ni kweli tuliwapa maskini kotizoni. Tuliwapa. Tungeweza kunawa mikono na kusema dawa ni hatari, kisha tukawaachia soko liwape bila kipimo. Anayesema hivyo hajawahi kuamka asubuhi akashindwa kufunga kitufe. Dawa ile si takatifu wala si mchawi. Ukiianza, ukae na mgonjwa mpaka ngazi ya mwisho, hata kama mkubwa amekuita ofisini.

Waliniaga Bunia, ukumbini, kwa soda za moto. Mwakilishi wa idara alisoma maneno yanayosomwa kwa kila mtu: kwamba nilitumikia taifa kwa bidii, kwa uaminifu na kwa utii. Nikasimama. Kiti kilipiga kelele.

"Bidii, ndiyo," nilisema. "Uaminifu, asante. La utii liondoeni, si langu."

Mwakilishi alikuwa kijana, alitafuta kwa macho mkubwa wa kumwokoa. Inspecteur alikuwa mstari wa mbele, nywele zimekuwa nyeupe. Aliangalia viatu vyake, na nadhani alikuwa anatabasamu.

"Madame Docteur," kijana alisema, "haya ni maneno ya kawaida tu. Kuna mtu anaweza kueleza?"

Masika alikuwa amekaa nyuma na Kambale. Vidole vyake vilikuwa vimepinda kuelekea upande wa nje, kama majani yaliyolazwa na upepo, hatukuviokoa vyote. Alisimama wima bila kushika kiti cha mbele yake.

"Baeleze nini tena?" alisema. "Si munaniona."